Chumba cha Bibi Yako Kilichopanda Mkokoteni

Mwanangu Rehema,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu unayelala naye nyumba moja. Umetoka na baba yako kwenda kutafuta kufuli la sanduku, na ninyi wawili mkishaingia sokoni Kariakoo hamtoki mpaka mmeulizia bei ya kila kitu, hata vitu msivyovitaka. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimefunika cherehani, nimejimiminia chai, nimekaa hapa barazani na kalamu yako moja niliyokuibia. Barua hii nitaichomeka katikati ya nguo zako, uikute ukishafika Bulgaria, mahali ambapo huwezi kunikatiza na kusema, "Mama, hiyo nishaisikia."

Umesikia vipandevipande. Kisa kizima hujakipata, kwa sababu kila nikianza kukisimulia baba yako anatangulia kucheka, na mtu akitangulia kucheka kisa kimekwisha.

Habari za baridi ameshakueleza mjomba wako, ambaye hajawahi kuiona. Habari za wanaume amezimaliza shangazi. Swala unaijua. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu ninalolijua kwa mikono yangu mwenyewe, nalo ni nyumba ndogo. Juzi ulipotuambia kwamba huko mtafundishwa kuchora nyumba za vipande, vipande vinatengenezwa karakana halafu vinakwenda kuunganishwa kiwanjani, uliona nilivyoinama kama naokota sindano? Hakukuwa na sindano. Nilikuwa nakwepa macho ya baba yako tusije tukacheka mbele yako, ukadhani tunaidharau elimu. Mwanangu, nyumba ya vipande tumeijenga sisi, katika ua huu huu, wewe ukiwa hujaota hata jino. Na tulikosea karibu kila kitu.

Nilipoolewa nilitoka Lindi nikiwa na picha ya nyumba kichwani. Ilikuwa na ghorofa na roshani, na ngazi ya kupandia nikiwa nimeshika pindo la gauni. Baba yako, seremala mwenye karakana mtaa wa Gerezani, akanileta kwenye chumba kimoja katika nyumba hii ya Bi Hadija. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, uani bomba, jiko na choo cha wote. Kitanda kikaingia, kabati likaingia, mimi nikaingia, na tangu hapo mlango ukawa haufunguki mpaka mwisho. Cherehani yangu ikakaa barazani, pembeni ya dirisha la duka la Mangi, Mchagga wetu aliyepanga chumba cha mbele.

Mwaka mzima niliona aibu. Msichana wa kwetu akipita kunisalimia namkalisha nje na kumwambia ndani panapakwa chokaa. Chokaa gani hiyo inapakwa mwaka mzima? Siku moja Bi Hadija alinisikia. Akangoja mgeni aondoke, akaja akakaa karibu yangu.

"Zuhura," akasema, "wewe unadhani unaishi chumba kimoja. Unalala chumbani. Unapika uani. Kazi unafanya barazani. Umbea unaupiga koridoni. Nyumba yako ina vyumba vinne, mwanangu, na kodi unalipa ya kimoja."

Nilidhani ananifariji tu. Kuelewa nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa kuzunguka sana.

Halafu mto Rufiji ukajaa. Ukachukua nyumba ya Bibi Somoe, mama yake baba yako, mjane wa siku nyingi, ukachukua na mahindi yake yote. Alishuka kwenye lori hapa mtaani na mkeka, sufuria moja, na kuku aliyekataa kumwacha. Tukamlaza chumbani, kichwa chake kikawa chini ya kitanda chetu. Baba yako akahamia koridoni. Wewe ulikuwa mchanga, mwenye sauti kama honi ya meli, na kila ukilia mimi na bibi yako tunagongana vichwa gizani.

Bibi yako unamjua. Hakulalamika. Alianza tu kuukunja ule mkeka wake kila asubuhi kwa namna ya mtu anayefunga safari. "Mto ukishuka nitarudi kwangu," akawa anasema. Kwake wapi? Nyumba haikuwepo, na kijiji chenyewe kilikuwa kinahamishiwa kwingine, mbali na maji. Angekwenda kukaa na nani? Nilimwona baba yako anaikunja na kuikunjua futi yake ya mbao, anaikunja na kuikunjua, bila kupima chochote. Nikajua anaogopa. Mama akiondoka hivyo, kwa kuwa mwanawe hakuwa na mahali pa kumlaza, baba yako angelibeba jambo hilo mpaka kaburini.

Siku hizo mashine nyingi zilikuwa zinaingia bandarini kwa ajili ya viwanda vipya, zikiwa ndani ya makasha makubwa ya mbao. Mashine zikishatolewa, makasha yanachomwa moto. Mbao nzuri kabisa, nyepesi, kavu! Baba yako akaomba, akapewa. Tukamwendea Bi Hadija, akatupa pembe moja ya ua. Na mimi ndiye niliyechora chumba. Nilikata karatasi kama ninavyokatia gauni, ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, ubavu huu na ubavu huu, na paa. Nilijiona fundi wa mafundi.

Baba yako akautengeneza ukuta wa mbele Gerezani, mzima mzima, akaupiga randa mpaka ukawa unateleza kama sabuni. Wakaja nao watu wanne, wakaupitisha mlango mkubwa, wakaenda nao koridoni wakiimba. Walipofika kwenye mlango wa uani nyimbo zikakoma. Mlango wa uani ni mwembamba kuliko wa mbele, mimi napita pale kila siku na ndoo, na sikuwahi kuufikiria. Ukuta ukanasa. Kwenda hauendi, kurudi haurudi. Kutwa nzima wapangaji wote walikuwa wanakwenda chooni kwa kutambaa chini yake. Kuku wa bibi yako akapanda juu akakaa. Mangi akaja kutazama, mikono nyuma.

"Mama Rehema," akaniuliza, "huu ni ukuta au mpangaji mpya?"

Jioni baba yako akachukua msumeno, akaukata palepale ulipokwama, kazi yake yote ile. Nilishindwa kumtazama. Lakini alipofika katikati akasimama, akaanza kutabasamu, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Zuhura, tumekuwa wajinga. Kila kipande kiwe cha kupita mlangoni. Na kiwe cha kubebwa na watu wawili."

"Wasiogombana," nikasema.

"Hata wakigombana."

Ndivyo tulivyoanza upya. Vipande vyote vikawa na upana mmoja, kila kimoja na fremu yake, vinafungwa pamoja kwa bolti na nati. Nilimuuliza kwa nini asitumie misumari, ambayo ni rahisi kupatikana. Akasema ukipiga msumari umeshakata shauri, ila bolti inakuachia nafasi ya kubadili mawazo. Nilimcheka. Sikujua kwamba mawazo yetu tungeyabadili chumba hakijamaliza siku mbili kimesimama.

Kwa sababu vipimo vya ndani nilikuwa nimevichukua mimi, na nilivichukua bibi yako akiwa amelala. Kweli kabisa, mwanangu. Nilipima urefu wake kwenye mkeka, nikaongeza kidogo cha kujigeuza, kama mtu anavyoacha inchi ya mshono. Tulipokisimamisha kile chumba kilimkaa sawasawa, kama shati la sikukuu. Bibi akaingia, akafunga mlango. Wapangaji wote tumesimama uani tunangoja vigelegele.

Mlango ukafunguka.

"Zuhura," akasema, tena kwa upole. "Umenishonea sanda ya mbao."

Nilikwenda barazani nikashona shati la mteja, mikono yote miwili nikaitia upande mmoja. Nilikuwa na hasira na bibi yako, na Rufiji, na kila mtu. Ilinichukua usiku mzima kuona kwamba mwanamke yule tumeishi naye chumba kimoja, nimemlisha, nimemfulia, nimempima mpaka nyayo, na sijamuuliza neno.

Asubuhi nikamkuta anachambua mchele. Nikakaa chini nikaanza kuchambua naye. Nikamwambia, "Mama, niambie siku yako. Tangu ukifumbua macho."

Akaniambia. Alitaka nafasi ya kuswali, asimame na kurukuu bila kugonga ukuta. Alitaka mahali pa kutundika kanga zake zisikunjike. Alitaka asubuhi akiamka ajue nani mwingine ameamka, maana kwao alizoea kusikia jirani akikohoa na kujua ni nani. Alitaka upepo. Alitaka kukaa kwake lakini bila kufichwa. "Mimi si akiba ya chakula," akasema, "mnifungie ghalani." Na kuku awe na pake.

Sasa nguo ikibana unaifumua yote. Chumba kile kilihitaji kufunguliwa bolti za upande mmoja na kuongezwa vipande viwili. Basi. Kitanda baba yako alikitia bawaba, mchana kinanyanyuliwa na kuegemea ukutani, na mahali pa kulala pakawa mahali pa kuswalia na kukaribisha wageni. Mlango aliukata katikati, nusu ya juu inafunguka peke yake, Bibi akawa anaegemea ile nusu ya chini na kulitazama bomba na kila anayechota. Chini ya paa tukaacha mwanya wa kupitisha hewa. Paa likainamishwa upande mmoja, na pale maji yanapodondokea tukaweka pipa. Masika ile tulifua kwa maji ya mvua wakati wenzetu wamepanga foleni, na mpaka leo najiuliza kwa nini mji huu unayaachia maji hayo yaende zake baharini. Mbao zilikuwa na maandishi ya kigeni, mengine miguu juu. Bibi akasema hayo ni mapambo, na mapambo hayasomwi.

Siku ile nilipigiwa vigelegele vyangu. Lakini kosa moja lilikuwa limebaki, na hilo nililiona nguo zilipoanza kunuka uvundo. Ruhusa ya ile pembe tulimwomba Bi Hadija, mwenye nyumba. Kamba za nguo zilikuwa za wapangaji, na hao hatukuwauliza. Chumba chetu kilikuwa kimekula jua lao la asubuhi lote. Sijui nani alikwenda kusema, na simlaumu, ila Jumapili moja akaingia balozi wetu wa nyumba kumi, kofia kichwani, uso wa kazi.

"Nimeambiwa kuna jengo jipya humu. Kibali kiko wapi?"

Kibali hatukuwa nacho, wala hatukuwahi kukifikiria. Baba yako ni mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Si jengo, Ndugu Balozi. Ni kabati."

"Kabati?"

"Kabati."

"La kuwekea nini?"

"La kuwekea mama."

Mimi nilikuwa nimekubeba mgongoni, nikajiuma mdomo. Ile nusu ya juu ya mlango ikafunguka, bibi yako akatokeza kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia balozi, ingawa balozi hakuwa amemwamkia.

Balozi akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Akalizunguka lile kabati. Akagonga ukuta kwa kidole. Akachungulia pipa. Kisha akasema: "Jengo halihami. Kabati linahama. Kama ni kabati, hamisheni nione."

"Hamishieni kwenye ukuta ule!" akapaza sauti mama mmoja mpangaji. "Jua letu lirudi!"

Hakuna aliyengoja zaidi. Baba yako akachomoa spana. Waliokuwa wamekasirika kwa ajili ya nguo zao ndio waliokuwa wa kwanza kushika vipande. Mangi akafunga dirisha la duka, jambo ambalo hata siku ya Krismasi hulifanya kwa uchungu, akaja kubeba. Bibi akakaa kwenye pipa lililopinduliwa anatoa amri. Kabla ya adhana ya alasiri chumba kilikuwa kimesimama upande wa pili wa ua, jua limerudi kambani, na balozi mwenyewe ana vumbi mabegani kwa sababu alishindwa kujizuia akashika ncha ya paa. Tukampa chai. Akainywa ndani, amekaa kwenye kitanda cha Bibi.

"Kabati lenu zuri," akasema akiaga. "Bawaba zinataka mafuta."

Sasa nafika ninapopapenda. Alikuwako mzee mmoja muuza kahawa, Mzee Pazi, anayechota maji kwenye bomba letu kila alfajiri. Zamani alikuwa anachota na kwenda zake. Tangu Bibi ahamie ule upande wa jua, kuchota kwake kukaanza kuchukua muda. Kwanza ilikuwa salamu tu. Halafu kikombe cha kahawa juu ya ile nusu ya mlango. Halafu vikombe viwili. Baba yako alikuwa wa mwisho kuelewa, kama kawaida ya wanaume katika mambo ya mama zao.

Mzee Pazi akaja rasmi, kanzu imenyooka, amefuatana na mwenzake wa kumsemea. Yule mwenzake akasema yote yanayotakiwa kusemwa. Ndipo Mzee Pazi mwenyewe akainamisha kichwa. Kiwanja anacho Ilala, akasema, ila vyumba vimejaa wanawe na wajukuu, hapana hata pa kutundika kanga. "Mke namtaka. Pa kumweka sina."

Baba yako akaanza kusema kwamba basi, mambo hayo yana wakati wake. Bibi akamkata kauli kutoka mlangoni kwake.

"Chumba ninacho," akasema. "Natafuta pa kukiweka."

Wiki ile ile akaozwa. Asubuhi ya kuhama tukakifungua chumba, tukakipakia kwenye mkokoteni, kuta chini, paa juu, kitanda na bawaba zake juu ya paa. Bibi akatangulia mbele na mwavuli, amejitanda kanga mpya, kuku yuko kikapuni. Nyuma yake sisi, wanawake wa nyumba hii na wa nyumba za jirani, tunapiga makofi. Tulipopita sokoni wachukuzi wakaanza kutupigia kelele.

"Oya, hizo mbao mnauza?"

"Siyo mbao, ni bibi harusi!" akajibu Bi Hadija.

Kariakoo nzima ilicheka, mwanangu. Wauza nazi walisimama. Mtu mmoja akatupa ua la asumini juu ya paa, lile paa letu la bati, likafika nalo mpaka Ilala. Na pale Ilala wana na wajukuu wa Mzee Pazi walitazama tu, midomo wazi, jinsi mama yao mpya anavyofungua nyumba yake kama mtu anayekunjua mkeka. Jua lilipokuwa linazama kitanda kilishushwa, na sisi tukafukuzwa.

Niliporudi nikaikuta pembe ya ua tupu, ardhi imebaki na alama ya mraba. Nikadhani nitalia. Nikajikuta nacheka peke yangu, wewe mgongoni unacheka kwa sababu mgongo wangu unatikisika.

Baada ya hapo watu walikuja wenyewe kuagiza vyumba. Muuguzi aliyetaka chumba cha kulala mchana bila mwanga. Ndugu wawili kutoka Mtwara waliotaka kukaa pamoja lakini wasisikilizane wakikoroma. Baba yako alijaribu wakati mmoja kutengeneza vyumba vitano vinavyofanana, ili amalize haraka, na mwaka haukuisha kabla kila mmoja hajaja kuomba kuhamishiwa dirisha. Hakukasirika. Alikuwa na spana. Mzee Pazi, Mungu amrehemu, aliishi katika chumba kile mpaka siku yake ya mwisho, na Bibi mpaka leo anakataa kuhamia kwetu. Anasema nyumba yetu, siku hizi tumepanga vyumba viwili, ni kubwa mno, atapotea.

Sijui watakufundisha nini huko. Nadhani watakuambia mtu mmoja anahitaji nafasi kiasi gani, na watakuwa na sababu nzuri, maana wanajengea watu wengi na mimi nilimjengea mmoja. Jifunze, ufaulu mtihani. Ila ukiwa peke yako na karatasi, muulize yule mtu uliyemchora anaswalia wapi, anachekea wapi, na nguo zake atazianika jua la nani. Kama hakujibu, inuka ukamtafute. Mimi nilikuwa naye chumba kimoja na bado nilisahau kumuuliza. Na usione aibu ikiwa nyumba utakazochora ni ndogo. Mimi niliona aibu mwaka mzima, na mwaka ule wageni wangu wote walinywea chai yao nje.

Kuna jambo la mwisho, nalo nakuambia mapema usije ukalisikia kwa mtu. Kitanda chako sitakiweka wazi. Wiki ijayo binti wa dada yangu anakuja kutoka Lindi kujifunza kushona, naye atalala pale, na nguo zake zitakaa ulipokuwa unaweka vitabu. Baba yako alisema tungoje kidogo, kwa heshima yako. Mimi nimekataa. Sitaki uwe huko mbali ukifikiria chumba kitupu kinachokungoja, ukadhani tumekaa tunakitazama. Tutakuwa tumebanana, tunagombania bomba, tunacheka, na jina lako litatajwa kila siku na mtu ambaye hata hajakuona.

Nasikia sauti ya baba yako kwenye kona, anamsifia mtu kufuli. Naficha barua. Siku utakayorudi, hata ukirudi bila taarifa, hata ukirudi na mtu, wewe piga hodi tu. Tutasogea.

Mama yako,
Zuhura